Je, wajua? Anayeishi kwa posho ya serikali Uingereza akitangazwa mufilisi, posho yake haiguswi

Bi mkubwa alimimina bahasha mezani kutoka kwenye mfuko wa nailoni. Nyingi hazijafunguliwa. Kadi ya mkopo, umeme, kodi ya halmashauri, na moja yenye maandishi mekundu kutoka kwa madalali wa mahakama. Nilikuwa nimeitwa nimtafsirie kwa mshauri wa madeni, katika mji mmoja wa katikati ya Uingereza. Yeye ni mjane kutoka Unguja, hana kazi, anaishi kwa posho ya serikali, ile ambayo Waswahili wa kule wanaiita benefiti. Kabla mshauri hajaketi aliniinamia akaniuliza: “Mwanangu, wakinitangaza mufilisi, si watanikata na hiki kidogo ninachopata?”

Nikamjibu bila kusita: “Ndiyo, mama. Wanaokudai watakula kwanza, wewe utapewa kitakachobaki.”

Mshauri alipofika nikamtafsiria swali lile, naye akatikisa kichwa. Nilikuwa nimemwambia mama wa watu jambo lisilo kweli, tena jambo ambalo lingemfanya arudi nyumbani na bahasha zake vilevile. Tangu siku hiyo nimelifuatilia suala hili kwa undani, maana Waswahili wengi ninaokutana nao wanaamini nilichokuwa nikiamini mimi.

Naona kosa linaanzia kwenye neno lenyewe. Kufilisika na fulusi ni maneno ya ukoo mmoja, yote yana asili ya Kiarabu. Kwetu sisi, mtu aliyefilisika ni yule ambaye mali imemwishia: duka limefungwa, shamba limeuzwa, amebaki na kanzu aliyovaa. Ni hali ya mfuko. Kwa maana hiyo, maskini hana cha kufilisika, na sheria ikimfuata basi inakuja kukomba kilichosalia.

Katika sheria ya England na Wales ufilisi ni amri. Inatolewa tarehe fulani na kuandikwa kwenye daftari la umma ambalo yeyote anaweza kulisoma. Mtu anaweza kukaa miaka kumi bila senti na asiwe mufilisi kisheria. Mwingine ana nyumba na gari, na kufika adhuhuri akawa mufilisi. Tangu Aprili 2016 mdaiwa anayeomba mwenyewe hahitaji hata kusimama mbele ya hakimu. Anajaza fomu kwenye intaneti, na mwamuzi wa idara ya serikali anaamua.

Amri hiyo inafanya kazi mbili. Ya kwanza, mali ya mdaiwa inawekwa chini ya mfilisi, yaani msimamizi wa mali hiyo (usimchanganye na mufilisi, ambaye ni mdaiwa mwenyewe), ili igawiwe wanaodai. Ya pili, madeni yanafungwa, na kwa kawaida baada ya miezi 12 mdaiwa anaachiliwa, hayamdai tena. Sisi tunaiona ile ya kwanza tu. Kwa mtu asiye na mali, kazi ya kwanza haina cha kushika, lakini ya pili inamfaa sawasawa na inavyomfaa tajiri. Ndiyo maana mtu anayeishi kwa posho ana sababu ya kufikiria ufilisi.

Na kipato je? Mfilisi anaweza kumtaka mufilisi mwenye mshahara achangie kila mwezi, kwa muda usiozidi miaka mitatu, mradi abakiwe na cha kutosha mahitaji ya kawaida ya nyumba yake. Lakini ambaye kipato chake chote ni posho haombwi mchango wowote.

Kwa nini? Mwenye kulielewa vizuri ni aliyekulia pwani, kwa sababu tunao wakfu. Chukua mnazi wa wakfu. Babu aliuweka ili wajukuu wale nazi zake. Mjukuu anakula, lakini mti hawezi kuuuza wala kuuweka rehani. Akikopa dukani akashindwa kulipa, mwenye duka hawezi kuja na shoka, kwa sababu mti si mali ya mkopaji. Haki ya kula imeshonwa kwenye mwili wa mjukuu, haihami kwenda kwa mtu mwingine.

Posho ya Uingereza iko hivyo. Kifungu cha 187 cha sheria ya uendeshaji wa hifadhi ya jamii ya mwaka 1992 kinasema mapatano yoyote ya kuihamisha au kuiweka rehani ni batili, na mpokeaji akifilisika, posho haipiti kwa mfilisi. Hata bi mkubwa angetia saini kwamba posho yake ya mwaka mzima ni ya kampuni ya mkopo, karatasi hiyo isingekuwa na nguvu.

Ila nazi ikishaanguka ukaipeleka nyumbani, hiyo ni nazi yako kama nazi nyingine. Hapa ndipo pa kuwa mwangalifu. Kinacholindwa waziwazi ni haki ya kulipwa posho. Fedha ikishaingia benki na kuchanganyika na nyingine, ulinzi wake si wa wazi kiasi hicho, na benki ikipata taarifa ya ufilisi inaweza kuifunga akaunti kwa muda. Washauri humwambia mtu afungue akaunti ya msingi katika benki asiyodaiwa nayo kabla ya kuomba amri, posho ielekezwe huko.

Sasa njoo kwenye sehemu inayonivutia kuliko zote. Itakuwaje msimamizi wa wakfu naye anakudai? Serikali inayolipa posho ndiyo hiyohiyo inayotoa mikopo midogo kwa wapokeaji, na pengine huwa imewalipa kupita kiasi, kisha hukata kidogo kidogo kwenye malipo yanayofuata. Mtu akishapata amri, iendelee kukata?

Kwa miaka mingi ilikata, na hoja yake ilikuwa hii: hatudai deni, ila haki yako yenyewe imepungua. Ni kama msimamizi kukuambia, “Sikukati nazi mbili kati ya kumi. Fungu lako ni nane.” Desemba 2011 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliikataa hoja hiyo katika kesi ya wanawake wawili waliokuwa chini ya amri ya nafuu ya madeni, ambayo nitaieleza punde. Mahakama ilisema fungu ni kumi, na anayezuia mbili ili ajilipe anakusanya deni kama mdai mwingine yeyote, kwa hiyo amri inamzuia. Nasikia raha kila nikiikumbuka hukumu hiyo. Haikudumu nzima, kwani mwaka 2012 ile mikopo midogo, iliyotolewa na mfuko wa jamii wa serikali, iliondolewa kwenye madeni yanayofutwa. Malipo ya ziada yaliyopatikana kwa udanganyifu nayo hayafutwi, wala faini za mahakama, mkopo wa masomo na matunzo ya mtoto. Na mwenye nyumba anayedai kodi ya pango bado anaweza kwenda mahakamani kuidai nyumba yake.

Lililobaki ni bei, na hili linauma. Kuomba ufilisi kunagharimu pauni 680: 130 za uamuzi na 550 za dhamana ya mfilisi. Unaweza kulipa kidogo kidogo, lakini ombi halipelekwi mpaka zitimie. Linganisha na Universal Credit, posho kuu ya kule: kuanzia Aprili 2025 kiwango cha msingi cha mtu mwenye miaka 25 na zaidi asiye na mwenza kilikuwa pauni 400.14 kwa mwezi, bila kuhesabu msaada wa kodi ya nyumba. Wengi wanabaki nje ya mlango wa ufilisi kwa kukosa nauli ya kuufikia.

Kwa ajili yao, mwaka 2009 ulifunguliwa mlango mdogo, ndiyo hiyo amri ya nafuu ya madeni. Haipitii kwa mfilisi wa kukusanya mali, inaombwa kupitia mshauri aliyeidhinishwa, na miezi 12 ikipita madeni yaliyoorodheshwa yanafutwa. Ada yake ilikuwa pauni 90, ikafutwa kabisa Aprili 2024. Tangu Juni 2024 anayestahili ni mwenye madeni yasiyozidi pauni 50,000, mali isiyozidi 2,000, gari la thamani isiyozidi 4,000, na anayebakiwa na pauni 75 au pungufu kwa mwezi baada ya matumizi ya lazima. Mwenye nyumba yake haipati. Scotland wana taratibu zao. Kenya nayo, katika sheria ya ufilisi ya 2015, iliweka utaratibu wa mdaiwa asiye na mali, kwa madeni ya kati ya shilingi 100,000 na milioni 4.

Mlango huo mdogo ndio alioupitia bi mkubwa, wakati ule ada ya pauni 90 bado ipo. Mambo ya posho yalipokwisha alikuwa bado na swali moja. “Na cherehani yangu?”

Alikuwa akishonea nguo za wajukuu. Vitanda, nguo, jiko na vyombo vya lazima vya nyumbani havichukuliwi, wala zana mtu anazofanyia kazi. Katika ufilisi wenyewe, kitu cha namna hiyo kikiwa cha thamani kubwa, mfilisi anaweza kukiuza, lakini lazima atoe fedha za kununulia cha kawaida badala yake. Mshauri aliuliza cherehani ni ya aina gani. Ya mkono, akasema bi mkubwa, aliachiwa na mama yake. Mshauri akaandika neno moja kwenye karatasi, kisha akaanza kufungua bahasha ya kwanza.