Tungamo na uzito: acheni kwenda mwezini

Kila tungamo na uzito vikitajwa, jibu linarukia mwezini: uzito unabaki moja ya sita, tungamo lilelile. Sawa, weka tiki. Halafu mtu huyohuyo anaongeza kwamba hapa duniani tofauti hiyo haina kazi, ni mambo ya mtihani tu. Hapo ndipo uvumilivu unanishinda, kwa sababu tofauti hiyo iko kwenye kaunta ya mnunuzi wa dhahabu pale Geita.

Ya msingi chapuchapu: tungamo ni kiasi cha maada kilichomo kwenye kitu, hupimwa kwa kilogramu; uzito ni kani, yaani nguvu ya kuvuta au kusukuma, kwa hiyo ni nyutoni. W = mg: W ni uzito, m ni tungamo, na g ni mchapuko (kasi ya kuongezeka kwa mwendo) wa kitu kinachoanguka, kwa m/s². Tuendelee.

Kinachoniudhi ni kauli kwamba "mizani inapima uzito". Mizani ipi? Ile ya mikono miwili inalinganisha: huku jiwe la mizani, kule mzigo. Ile g ipo pande zote mbili, inajifuta. Ipandishe Kilimanjaro, kilo itabaki kilo. Mizani ya springi na ya kidijitali ni habari nyingine kabisa. Ndani ya hii ya kidijitali kuna kipande cha chuma kinachopinda kidogo mno mzigo ukikaa juu. Kinachohisiwa pale ni kani. Saketi inaigawanya kani hiyo kwa namba iliyowekwa siku mizani ilipogezwa, yaani iliporekebishwa kwa jiwe la tungamo linalojulikana, kisha kioo kinaandika "kg". Kwa hiyo ile kg ni matokeo ya hesabu, na hesabu yenyewe imebeba g ya mahali mizani ilipogezwa.

Na g si 9.8 kila mahali. Usawa wa bahari kwenye ikweta ni 9.780, kwenye ncha za dunia 9.832. London ni 9.812, Dar es Salaam 9.781, na Geita, iliyo juu zaidi ya mita 1,000, ni karibu 9.777. Chukua mizani iliyogezwa London, iweke Dar bila kuigusa, upime dhahabu ya gramu 100: itasoma kama 99.68. Iliyogezwa Dar ikipelekwa Geita itasoma kama 99.96. Muuzaji kapunjwa, na mnunuzi wala hakukusudia.

Dawa yake si ngumu. Mizani ikihamishwa, iwashe na uiache ipate joto, weka kiputo cha pimamaji katikati, kisha igeze palepale kwa jiwe lililohakikiwa. Wengi hubonyeza TARE, kitufe cha kurudisha kioo kwenye sifuri, wakaridhika. TARE inafuta bakuli tu! Kosa la asilimia 0.04 linabaki, na kadiri mzigo unavyokua nalo linakua. Kwa sababu hiyohiyo usijaribu mizani kwa kijiwe cha gramu 1. Kwenye mizani inayosoma hadi gramu 0.01 kosa halitaonekana kabisa. Tumia jiwe lililo karibu na uwezo wa juu wa mizani.

Lifti nayo inaonyesha jambo hilo. Simama juu ya mizani ya kidijitali, uwe na kilo 60, lifti ianze kupanda kwa mchapuko wa 1 m/s²: utasoma karibu 66. Hujala kitu. Mizani ya mikono miwili ndani ya lifti hiyohiyo isingetikisika.

Anayetaka kukutana na tungamo bila uzito kumsumbua aende gatini. Jahazi la tani 20 limebebwa na maji, hakuna anayelinyanyua. Lisukume kwa nyutoni 400, sukuma ya mtu mmoja aliyekaza: baada ya sekunde 10 linakwenda sentimita 20 kwa sekunde, mwendo wa kuvuta miguu. Sasa lisimamishe ndani ya sentimita 2. Zinatakiwa nyutoni 20,000, sawa na uzito wa tani mbili hivi. (Maji yanayosogea pamoja na chombo nimeyaacha, nayo yanazidisha.) Ndiyo maana mguu hauwekwi kati ya chombo na gati, hata kama chombo kinaelea kama unyoya. Wakisema mwanaanga anaweza kuchezea mtambo wa tani kwa kidole kwa kuwa "hauna uzito", mkumbusheni jahazi.

Sasa yale ambayo vitabu huyapitia kimyakimya. Mizani ya mikono miwili niliyoisifu nayo ina kasoro, kwa sababu hewa inanyanyua vitu. Kilo ya maji inanyanyuliwa kiasi cha gramu 1.2, jiwe la chuma cha pua la kilo moja gramu 0.15 tu, hivyo maji yatapungua kama gramu moja. Maana ya uzito nayo haijatulia: kitabu kimoja kinasema ni mvuto wa dunia, kingine ni kile mizani inachosoma. Namba zangu za g zimeshapunguzwa na kuzunguka kwa dunia, kwa hiyo kwa kitabu cha kwanza si safi. Mimi niko upande wa mizani, lakini sina hoja ya kumnyamazisha wa upande wa pili.

Kubwa zaidi ni hili: tungamo linalokataa kusukumwa gatini na tungamo linalovutwa na dunia kwenye mizani vinapimwa kwa njia mbili tofauti kabisa. Satelaiti ya MICROSCOPE, katika matokeo yake ya 2022, haikuona tofauti kati yake hadi karibu sehemu moja katika milioni bilioni. Einstein aliuchukua ulinganifu huo kama msingi akajenga juu yake nadharia yake ya mvutano. Ukiniuliza kwa nini vinalingana hivyo, jibu la kuniridhisha mwenyewe sina.