Kuripoti vita kwa mbali: maana yake

Kuripoti vita kwa mbali ni kukusanya na kuthibitisha habari za mapigano wakati waandishi wamezuiwa kufika yanakotokea. Wanazuiwa kwa kunyimwa viza au kibali, kwa barabara kufungwa na wanajeshi, au kwa kukatwa simu na intaneti ili hata mwenyeji asisikike.

Vita vya Tigray, kaskazini mwa Ethiopia, vilipoanza Novemba 2020, mawasiliano yalizimwa papo hapo. Tarehe 30 mwezi huo Waziri Mkuu Abiy Ahmed aliliambia bunge kwamba jeshi lake halikuua raia hata mmoja lilipokuwa likiiteka miji. Siku mbili kabla, mjini Axum, askari wa Eritrea waliopigana upande wake walikuwa wameanza kuua raia kwa mamia. Ripoti ya kina ya shirika la haki za binadamu la Amnesty International kuhusu mauaji hayo ilitoka mwishoni mwa Februari 2021. Watafiti wake walihoji manusura na mashuhuda 41, baadhi yao wakimbizi waliovuka kuingia Sudan, wengine kwa simu, kisha wakalinganisha maelezo yao na picha za setilaiti zilizoonyesha udongo uliofukuliwa karibu na makanisa. Ilitoka karibu miezi mitatu baada ya mauaji, na muda wote huo Eritrea na Ethiopia zilikana kwamba askari hao wamo Tigray. Kwa anayefunga njia, kuchelewa huko peke yake ni faida kubwa.

Njia nyingine ni video. Mauaji ya Mahibere Dego, huko huko Tigray, yalirekodiwa na wauaji wenyewe. BBC Africa Eye, kitengo cha uchunguzi cha BBC, ikalinganisha umbo la milima na ukingo wa jabali na ramani za setilaiti hadi ikapata mahali penyewe.

Lakini setilaiti haisemi aliyezikwa ni nani, na mtoto anayekufa kwa njaa kijijini hana wa kumrekodi. Hatari nayo humwangukia mwenyeji: mwishoni mwa Februari na mwanzoni mwa Machi 2021, waandishi wachache waliporuhusiwa kuingia, wakalimani wa shirika la habari la AFP na gazeti la Financial Times pamoja na mwandishi wa BBC walikamatwa, wakaachiwa baada ya siku kadhaa.

Ndiyo maana idadi ya waliokufa Tigray bado inabishaniwa. Olusegun Obasanjo, aliyekuwa mpatanishi wa Umoja wa Afrika katika vita hivyo, alitaja watu wapatao 600,000. Wengine wanakadiria pungufu sana, na hakuna aliyeruhusiwa kuhesabu wakati watu wakifa.