Gari la spoti la zamani si la kujifunzia ufundi

Kwenye gereji za Tabora utasikia kwamba gari la spoti la miaka ya 90 likishuka bei, hilo ndilo la kuanzia ufundi: la kizamani, halina mambo ya kompyuta, ni kufungua na kufunga tu. Si kweli. Subaru Impreza WRX ya miaka hiyo ina turbo, kompyuta na injini iliyolala, yaani pistoni zake zinakwenda kwa ubavu. Hata kubadilisha plagi tu ni kubanana na bodi. Mazda RX-7 ndiyo usiseme: injini yake haina pistoni, ina rota mbili zinazozunguka. Fundi wa kuifungua kwa uhakika ni shida hata Dar, sembuse Isevya hapa Tabora.

Kinachoshuka ni bei ya gari, si ya vipuri. Na bei ya kutupa mara nyingi ina sababu: mwenye gari kaona moshi wa bluu, yaani injini inakula oili, kaweka oili nzito kuuficha, kalitangaza.

Kama lazima iwe spoti, tafuta Toyota Altezza AS200. Injini yake, 1G-FE, ndiyo ile ya Mark II GX110, kwa hiyo mafundi wanaijua na vipuri vinapakiwa kwenye basi kutoka Kariakoo. Ndugu yake RS200 ana injini nyingine, 3S-GE, si hiyo ya Mark II. Huyo mwache kwanza.

Kabla ya kulipa, liwashe injini ikiwa baridi, pima kompresheni (nguvu ya kubana hewa) silinda zote, na uulize mkanda wa taiming ulibadilishwa lini. Jibu la "juzijuzi tu" lisikuridhishe. Fungua kava uutazame.