Kazi Nzito Juani Kigoma: Tunachojifunza kwa Askari Waliopimwa

Septemba na Oktoba, kabla mvua haijashika, kubeba mizigo Kibirizi, kuchemsha chumvi Uvinza au kuanika dagaa ufukweni huwa kazi ya kutoa jasho kwelikweli. Haya ni maswali ya watu wa kazi hizo, na majibu yake mengi yanatokana na utafiti wa jeshi la Marekani kwa askari wake.

Utafiti wa jeshi la Marekani unamhusu nini mbeba mizigo wa hapa?

Mwili ni uleule. Mwaka 1961 jeshi hilo lilianzisha taasisi yake huko Natick, Massachusetts, ichunguze jinsi binadamu anavyohimili joto, baridi na milima mirefu, na ale na anywe nini ili asiishiwe nguvu. Askari hubeba mizigo mizito, hulala kidogo, hula kwa haraka. Anayeshusha magunia kwenye boti anayajua maisha hayo. Ila askari ana kamanda wa kumpumzisha, na kibarua analipwa kwa gunia. Ndiyo maana majibu haya yanawahusu wasimamizi pia.

Ninywe maji kiasi gani?

Kwenye kazi nzito ya juani mtu anaweza kutoa jasho lita 1 hadi 2 kwa saa. Ukipungukiwa maji kwa asilimia 2 ya uzito wako, yaani kilo 1.2 kwa mtu wa kilo 60, nguvu za kuendelea na kazi huanza kushuka. Kwa hiyo kunywa kidogo kidogo tangu asubuhi, na uangalie mkojo: ukiwa wa njano iliyokolea, ongeza maji.

Lakini maji nayo yana kiwango. Miaka ya 1990 jeshi la Marekani lilikuta makuruti wanaugua, na wengine kufa, kwa kunywa maji mengi kupita kiasi. Chumvi kwenye damu ilizimuliwa mno, ubongo ukavimba. Mwaka 1998 mwongozo ukabadilishwa: usizidi takriban lita 1.4 kwa saa, wala lita 11 hivi kwa siku. Huo ni ukomo, si lengo la kulifikia.

Chumvi inayotoka na jasho hurudi kwa mlo wa kawaida: ugali, maharage, dagaa. Mwenye presha asijiongezee chumvi bila kumuuliza mhudumu wa afya.

Kijana mgeni kazini ana nguvu kuliko wazee. Mbona yeye ndiye anayezidiwa?

Kwa sababu mwili wake haujalizoea joto. Kuzoea huchukua siku 10 hadi 14 za kufanya kazi juani kwa kuongeza taratibu. Katika siku hizo mtu huanza kutoa jasho mapema na kwa wingi zaidi, jasho lenyewe hupungua chumvi, na moyo haupigi kwa kasi kama mwanzo. Kumpa mgeni magunia sawa na mzoefu siku ya kwanza ni kumhatarisha, na naomba wasimamizi waache jambo hilo.

Chai ya asubuhi inanitosha mpaka jioni?

Haitoshi. Askari akiwa kwenye mazoezi makali hutumia kalori 4,000 na zaidi kwa siku. Askari wa kozi ya Ranger, mafunzo magumu ya jeshi hilo la Marekani, waliokuwa wakilishwa kidogo na kulala kidogo kwa wiki 8 hivi, walipoteza zaidi ya asilimia 10 ya uzito wao, misuli ikiwemo. Kibarua anayeshinda njaa anaula mwili wake mwenyewe. Viazi au muhogo wa kuchemsha asubuhi pamoja na karanga, kisha mchana ugali na dagaa au maharage yaliyoungwa kwa mawese, vinamlisha mtu wa kazi bila gharama kubwa.

Mwenzetu ameanguka, mwili unachoma na anaongea ovyo. Tukimbilie hospitali?

Mpozeni kwanza, hapohapo. Kuchanganyikiwa mwili ukiwa wa moto ni dalili kwamba joto limeufikia ubongo, na nusu saa ya mwanzo ndiyo inayookoa. Mpelekeni kivulini, mvueni nguo, mmwagieni maji mwili mzima ndoo baada ya ndoo huku wengine wakimpepea. Wakati huohuo mmoja atafute usafiri, na njiani muendelee kumpoza. Asiyejitambua asinyweshwe chochote.

Nitajuaje kama ni jua au malaria?

Kwa kumtazama tu hutajua, na mkoani kwetu malaria haipuuzwi. Hata akipata nafuu baada ya kupozwa, apimwe damu siku hiyohiyo. Na aliyeamka na homa asiingie kazini juani: mwili wake tayari umebeba joto la kutosha.