Uso umefubaa? Ndimu iache kwenye samaki

Juzi kati kaja binti mmoja hapa kliniki ya ngozi, katokea Ngamiani hapa Tanga, kajitanda mtandio mpaka karibu na macho. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, fungua basi nikuone. Kufungua hivi, kuanzia shavuni mpaka kidevuni michirizi ya kahawia kama mtu kamwagiwa chai, na karibu na sikio kuna malengelenge. Kumbe harusi ya dada yake wiki ijayo, kajiona uso umefubaa, akakamua ndimu mbili akapaka halafu akatoka kuanika nguo juani. Basi, hilo tu.

Ndimu ina kemikali ambayo ikikutana na jua juu ya ngozi inaunguza, na ubaya wake huoni saa hiyohiyo, unaona kesho au keshokutwa, na alama zinaweza kukaa wiki hata miezi. Na hata ukijifungia ndani bado ni kali, maana ngozi ya uso asili yake ina asidi kidogo tu, kwenye kipimo cha pH, ambacho namba ikishuka asidi inazidi, iko kama 5, ndimu iko kwenye 2. Magadi wanayopaka wengine nayo yanakwenda upande wa pili, yanazidi 8. Dawa ya meno usoni sitaki hata kuisikia.

Sasa tuelewane kwanza, kuna uso uliopauka na kuna uso uliofubaa. Kupauka ni ukavu, ukipitisha kucha unaona mstari mweupe. Kufubaa ni ule uso hauna nuru, kama sufuria ambayo haijasuguliwa siku nyingi, na mara nyingi ni seli zilizokufa zimejazana juu. Ngozi ya mtu mzima inajibadilisha kwa takriban siku 28, na umri ukienda inachelewa zaidi, kwahiyo yule anaekwambia siku tatu uso unang'aa anakuuzia maneno. Jipe wiki nne ndo uhukumu.

Na msisugue! Mfano wa sufuria isije mtu akauchukua kama ulivyo. Sukari, chumvi, kahawa, dodoki la kuogea, vyote vinakwaruza, na ngozi zetu nyeusi zikikwaruzwa zinajibu kwa kutoa rangi zaidi, ndo maana mtu anasugua weusi unaongezeka, anasugua tena, hivohivo mpaka anafika kwetu.

Ninachowaambia wanaokuja ni kidogo sana mpaka wengine wanaona nimewapunja. Osha uso mara mbili kwa siku, asubuhi maji matupu yanatosha kwa wenye ngozi kavu, jioni ndo utoe jasho na vumbi hasa kama umeshinda kwenye bodaboda. Ile sabuni ya kipande ya kufulia isiguse uso. Na kama mnatumia maji ya kisima yenye chumvi, sabuni haitoki vizuri, inabaki utando, uso ukikauka unaona umekakamaa, basi suuza mara ya mwisho kwa maji ya bomba au ya mvua. Kufuta, chukua kipande cha kanga kuukuu, ile iliyofuliwa mpaka imelegea, hakuna taulo jipya litakalokuwa laini vile. Loweka, kamua, pitisha taratibu kwa kugandamiza, na hiki kipande kiwe chako peke yako, kifue na kianikwe. Uso ukiwa bado na unyevu ndo upake mafuta, kidogo sana, ukubwa wa punje ya dengu unatosha uso mzima.

Hapo mtaniuliza mafuta ya nazi. Kwa mtu wa ngozi kavu sawa, lakini mwenye chunusi aachane nayo usoni, yanaziba vitundu, apake kwenye miguu na nywele.

Mara moja au mbili kwa wiki ukitaka kujipendelea, kijiko cha mtindi mtupu usio na sukari wala ladha na nusu kijiko cha asali, changanya, paka, kaa dakika 10, osha. Mtindi una asidi ya laktiki ambayo inalegeza zile seli zilizokufa bila kukwaruza, asali inavuta unyevu na kuushika. Usichanganye ukaweka akiba, tengeneza cha kupaka siku hiyo, kinachobaki kula. Manjano mkitaka ni chembe tu, la sivyo utaenda kazini na uso wa njano.

Liwa, ule mti wa kunukia, mimi siipingi, nimekua naiona inasagwa kwenye jiwe kwa marashi ya waridi, inapoza vizuri wakati wa joto. Shida ni hii inayouzwa imeshachanganywa kwenye vikopo, hujui kimetiwa nini. Na hapo ndo mkorogo unapoingilia, yale mafuta ya kujichubua yanayotiwa vitu vikali. Zebaki inaharibu figo, haidrokwinoni ukiitumia muda mrefu inaweza kukuachia weusi wa bluu usiotoka, na krimu kali za steroidi zinaifanya ngozi kuwa nyembamba. Kama umeshazitumia miezi usikatishe ghafla ukakaa kimya nyumbani, njoo tukupunguzie taratibu.

Jua la huku kwetu kati ya saa nne na saa kumi ndo mwizi mkubwa wa nuru ya uso, kuliko vumbi kuliko moshi wa mkaa. Kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe, jitande, vaa kofia, tembea upande wenye kivuli. Losheni ya kuzuia jua ukiipata nzuri zaidi.

Ila kama uso na viganja vimekuwa vyeupe kama havina damu, unachoka ukipanda ngazi mbili, hiyo si kazi ya asali, kapime damu. Na ukiona baka limepungua rangi na ukiligusa hulisikii vizuri, nenda kituo cha afya wiki hiyohiyo, ukoma upo na unatibika.

Yule binti hakwenda harusini uso wazi, alilia kidogo. Karudi baada ya miezi miwili, michirizi imefifia, bado mmoja chini ya sikio. Mama, sasa liwa naweza? Nikamwambia pakaa kidogo ndani ya mkono, subiri mpaka kesho saa kama hizi, isipowasha ndo uguse uso.