Zudi ni nini? Maana ya janga la majira ya baridi katika mbuga za Mongolia

Zudi ni neno la Kimongolia linalotaja hali ambayo mifugo hufa kwa wingi katika majira ya baridi na mwanzoni mwa majira ya chipuko, kwa sababu haiwezi kuyafikia malisho, au malisho yenyewe hayapo, au imekosa maji. Nje ya Mongolia neno hili huandikwa zaidi dzud, kwa kufuata tamshi la wenyewe. Mara nyingi hufasiriwa kuwa "baridi kali", na tafsiri hiyo inapotosha, maana inamfanya msomaji adhani kwamba mnyama aliyekufa ameuawa na baridi. Mara nyingi mnyama wa zudi hufa kwa njaa. Baridi huja kummalizia nguvu ambazo njaa imekwisha kuzipunguza.

Ili jambo hili lieleweke, ni lazima kwanza kujua majira ya baridi ya kawaida yalivyo katika nchi hiyo. Mvua ya Mongolia ni chache, na sehemu kubwa yake hunyesha kati ya Juni na Agosti, kwa hiyo nyasi hupata miezi michache tu ya kumea kabla ya kukauka zikiwa zimesimama. Wafugaji wa kuhamahama hufuga wanyama wa aina tano, yaani farasi, ngamia, kondoo, mbuzi, na ng'ombe pamoja na yaki (ng'ombe wa milimani wenye manyoya marefu), na wafugaji walio wengi hawana maghala ya majani makavu yanayoweza kulisha kundi zima kwa miezi sita. Kundi hutoka nje karibu kila asubuhi kwenda kujitafutia nyasi hizo kavu mbugani, na jioni hurudi kulala zizini, mara nyingi chini ya anga tupu, usiku ambao joto linaweza kushuka hadi nyuzi 40 za Selsiasi chini ya sifuri. Wanyama hao wamezoea, nao huishi. Kwa hiyo baridi ya nyuzi 35 chini ya sifuri, peke yake, haiitwi zudi. Huo ni mwezi wa Januari tu.

Kinachowawezesha kuishi ni akiba iliyomo miilini mwao. Mnyama mwenye afya huuanza msimu wa baridi akiwa na mafuta chini ya ngozi na kuzunguka figo, na tangu hapo hukonda siku hadi siku hata katika mwaka mzuri, kwa kuwa nyasi zilizokauka zina protini kidogo mno. Macho hayatoshi kupima hali yake, kwa sababu sufu nene huficha mbavu. Mfugaji humshika kondoo, akapenyeza vidole ndani ya sufu mpaka vikagusa ngozi, akapapasa uti wa mgongo juu ya kiuno. Pakiwa laini na pana, kuna akiba, na pakiwa na ncha kali kama ukingo wa ubao, kondoo huyo ameanza kula mwili wake mwenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo watu wasiofuga hawalifikirii kwa kawaida. Tumbo la mnyama anayecheua ni jiko. Nyasi zinapochachuka tumboni hutoa joto, na joto hilo ni sehemu kubwa ya kinachomwezesha kondoo kulala juu ya ardhi iliyoganda bila kudhurika. Tumbo likiwa tupu jiko limezimika, na mwili hulazimika kuchoma mafuta ili upate joto ambalo ungelipata kwa kula. Hapo njaa na baridi huanza kusaidiana, na mnyama ambaye jana angestahimili upepo wa usiku, leo hauwezi.

Wamongolia hutofautisha zudi kwa kuangalia ni nini kilichomzuia mnyama asile au asinywe. Zudi nyeupe ni ile ya theluji nyingi inayofunika nyasi kuliko uwezo wa wanyama kufukua. Uwezo huo haulingani: farasi hupiga theluji kwa kwato za mbele na kuchimba hadi chini, kondoo na mbuzi hufukua lakini miguu yao ni mifupi, na ng'ombe hujaribu kusukuma theluji kwa pua, akashindwa mapema kuliko wote. Ndiyo maana wafugaji hutanguliza farasi wavunje theluji, kisha kondoo wakafuata nyuma wakila kilichofichuliwa.

Zudi ya chuma ndiyo inayohofiwa zaidi, na naona jina lake limechaguliwa vizuri. Hutokea theluji inapoyeyuka kwa siku moja au mbili za joto lisilo la wakati wake, au mvua inaponyesha juu ya theluji, kisha baridi ikarudi ghafla na kuyagandisha maji hayo kuwa ukoko wa barafu juu ya nyasi. Kondoo hupiga kwato mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya kumi, na ukoko haukubali. Nyasi ziko chini kidogo tu, na mahali pengine huonekana kupitia barafu kama kitu kilichowekwa nyuma ya kioo. Kondoo anayeendelea kupiga huchanika ngozi juu ya kwato, na nguvu anazotumia kuchimba huzidi nguvu atakazozipata katika nyasi chache anazong'oa. Kumbe siku ya joto katikati ya majira ya baridi, ambayo mgeni angeifurahia, kwa mfugaji ni habari mbaya kuliko theluji yenyewe. Jambo hilo si la Mongolia peke yake: katika Rasi ya Yamal nchini Urusi, mvua iliyonyesha juu ya theluji mwezi Novemba 2013 iliganda ikafunga malisho, na kulungu wa kaskazini wapatao 61,000 wanaofugwa na Wanenets, wenyeji wa huko, walikufa kwa njaa katika msimu huo, ingawa mnyama huyo ni hodari sana wa kufukua theluji laini.

Hapa inafaa nitaje mazao ya shambani kidogo, kwa sababu watu huuliza kama theluji ni adui wa kila mkulima. Ngano inayopandwa kabla ya majira ya baridi, kama ile ya Ukraine au ya jimbo la Kansas nchini Marekani, huihitaji theluji, kwani tabaka lake huufunika mche kama blanketi na kuuzuia usiguswe na hewa ya baridi kali. Lakini ukoko wa barafu ukigusana na ardhi na kudumu majuma kadhaa, mche hukosa hewa na kufa. Barafu inayomnyima kondoo nyasi ndiyo hiyo inayoikaba ngano. Katika Mongolia yenyewe theluji ni haba na baridi ni kali mno kwa ngano ya namna hiyo, hivyo ngano ya huko hupandwa majira ya chipuko na kuvunwa kabla ya baridi kurudi.

Zudi nyeusi ni kinyume cha nyeupe, nayo huwashangaza wengi, kwa kuwa huletwa na kukosekana kwa theluji. Mito na visima vinapoganda, wanyama hulamba theluji badala ya kunywa maji, na theluji ndiyo inayoyawezesha makundi kutumia malisho yaliyo mbali na maji. Isipoanguka, malisho hayo hayafai kitu, na wanyama husongamana penye kisima kisichoganda mpaka nyasi za karibu zikaisha. Zudi ya baridi ni ile ya siku nyingi mfululizo za baridi na upepo wa kupita kiasi, ambapo mnyama hawezi kulisha hata kama nyasi ziko wazi. Zudi ya kwato hutokea makundi mengi yanapokimbilia eneo moja lenye nafuu na kulikanyaga mpaka likabaki vumbi.

Aina hizo, hata hivyo, hukutana mara nyingi katika msimu mmoja. Wakazakhi, ambao hulijua janga hilihili kwa jina la jut, husema kwamba jut ina ndugu saba, maana yake haiji peke yake. Wamongolia nao hutamka maneno mawili kwa pamoja, gan zud, ukame na zudi, kana kwamba ni neno moja. Katika matamshi hayo kuna maelezo ya kisayansi yaliyokamilika: mvua ikikosekana mwezi Julai, nyasi huwa fupi na haba, wanyama huingia msimu wa baridi wakiwa wembamba, majani ya kukata na kuhifadhi hayapatikani, na theluji ya kina cha kawaida hutosha kufunika nyasi ambazo mwaka mwingine zingechomoza juu yake. Mimi nasadiki kwamba anayeanza kuihesabu zudi kutoka siku theluji ilipoanguka amechelewa kwa miezi minne.

Mbuga za Marekani zilipata funzo hilohilo katika msimu wa 1886 hadi 1887. Majira ya joto ya 1886 yalikuwa makavu na malisho yalikuwa yamelemewa na ng'ombe wengi kupita kiasi. Kisha theluji ikaanza mapema, dhoruba za Januari zikafuata, na ilipofika chipuko mabonde yalijaa mizoga. Theodore Roosevelt, ambaye baadaye alikuwa rais, alipoteza zaidi ya nusu ya kundi lake katika eneo la Dakota. Baada ya hapo wafugaji wengi wa huko waliacha kutegemea mbuga wazi peke yake, wakaanza kukata majani na kuyahifadhi.

Ukubwa wa zudi huonekana katika sensa ya mifugo, ambayo Mongolia huifanya kila mwezi wa Desemba. Baada ya misimu mitatu mfululizo kuanzia mwaka 1999 hadi 2002, idadi ya mifugo ilishuka kutoka takriban milioni 33.5 hadi milioni 24. Mwishoni mwa 2009 ilikuwa imepanda tena hadi milioni 44. Mwaka mmoja baadaye, ilibaki chini ya milioni 33. Katika msimu wa 2023 hadi 2024 walikufa wanyama zaidi ya milioni 7.

Takwimu hizi hazielezwi na hali ya hewa pekee. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 mifugo mingi ilikuwa mali ya vyama vya ushirika vya serikali, ambavyo vilihifadhi akiba ya chakula cha mifugo na kuwa na magari ya kuihamisha familia kwenda penye malisho. Vyama hivyo vilivunjwa, mifugo ikagawiwa watu, na akiba ile ikatoweka, wakati ambapo watu wengi waliopoteza kazi walikuwa wakigeukia ufugaji. Mwaka 1990 nchi ilikuwa na mifugo milioni 26 hivi. Mwaka 2019 ilifikia takriban milioni 70, juu ya ardhi ileile. Mbuzi waliongezeka kuliko wote kwa sababu manyoya yao laini, kashmiri, huleta fedha taslimu. Mbuzi ana mafuta machache chini ya ngozi kuliko kondoo, na kashmiri huchanwa katika chipuko, wakati dhoruba za baridi bado zinaweza kurudi. Simlaumu mfugaji anayelipa karo ya mtoto kwa kashmiri. Lakini kuiita zudi janga la asili tu ni kusema nusu ya habari.

Kujikinga na zudi ni kazi ya mwaka mzima. Malisho yanayozunguka kambi ya majira ya baridi hayaguswi tangu joto linapoanza, kambi huwekwa kwenye mteremko uliokingwa na upepo, na sakafu ya zizi hutandikwa samadi kavu ili wanyama wasilale juu ya ardhi iliyoganda. Beberu na kondoo dume hufungwa kitambaa kizito chini ya tumbo ili wasipande majike mapema, kwa maana kitoto kinachozaliwa Januari hakina bahati. Wanyama dhaifu huuzwa au huchinjwa kabla ya baridi kushika, na familia yenye uwezo huwapeleka wenye nguvu safari ndefu kutafuta malisho mengine. Tangu mwaka 2006, kwa mradi ulioungwa mkono na Benki ya Dunia, kuna pia bima inayolipa kwa kufuata kiwango cha vifo vya wilaya nzima, si vya kundi la mtu mmoja, hivyo mfugaji aliyewaokoa wanyama wake kwa bidii hanyimwi malipo.

Hata hivyo methali ya Kimongolia husema kwamba tajiri humalizwa na zudi moja, kama vile shujaa humalizwa na mshale mmoja. Familia iliyobakiwa na kondoo ishirini kati ya mia tatu haiwezi kula, kuuza na kukuza kundi kwa wakati mmoja. Wengi wa namna hiyo wamehamia mji mkuu, Ulaanbaatar, ambako karibu nusu ya watu wote wa nchi wanaishi sasa, wakasimamisha mahema yao ya duara kwenye vilima vya pembezoni mwa jiji.

Watu walio mbali hudhani kwamba theluji ikiyeyuka zudi imekwisha, kumbe vifo vingi hutokea hapo. Mwezi Machi na Aprili majike huzaa wakiwa hawana maziwa, vitoto huingizwa hemani vilale karibu na jiko, na usiku mmoja wa upepo na theluji yenye maji unaweza kuua waliokuwa wamevuka miezi mitano. Kisha majani ya kwanza huchipuka, mafupi mno kiasi kwamba meno hayawezi kuyashika. Mnyama aliyechoka huyanusa, huacha nyasi kavu zilizo mbele yake na kuyakimbilia, kutoka unyasi mmoja hadi mwingine, akitembea mwendo mrefu kwa chakula kisichojaza hata mdomo. Siku hizo mfugaji huwazuia wanyama wake wasikimbilie kijani, na hawezi kusema zudi imekwisha mpaka majani hayo yawe marefu ya kutosha kondoo kuyauma.