Zelda II na viraka vya mashabiki: dhana potofu na ukweli

Kila Zelda II: The Adventure of Link, gemu ya zamani ya Nintendo, inapotajwa, hakosi mtu wa kusema kwamba ukiicheza na kiraka cha mashabiki, yaani faili linaloibadilisha gemu, mara nyingi kupunguza ugumu wake, hujaicheza. Mimi nimeimaliza kwa njia zote mbili. Nina la kusema.

Dhana: kiraka kinaharibu gemu asilia.
Asilia ipi? Ile iliyotoka Japani Januari 1987, kwenye diski ya Famicom (mashine ya gemu ya Nintendo huko), ilikuwa na adhabu ya kikatili: maisha yakiisha, ngazi zako za shambulio, uchawi na uhai zote zinashushwa mpaka kwenye ile iliyo chini kabisa. Una 6 kwenye upanga lakini uchawi uliuacha 2? Basi ni 2 kotekote. Katriji iliyofika Marekani Desemba 1988 iliziacha ngazi zako na kukunyang'anya tu pointi za uzoefu ulizokuwa unakusanya. Kwa hiyo Nintendo wenyewe waliirekebisha kabla ya shabiki yeyote kuigusa.

Dhana: ugumu wote ni ustadi, ukiupunguza umedanganya.
Hapa ndipo watu wanapochanganya mambo. Chukua Ironknuckle, yule askari wa deraya. Ukisimama anainua ngao, ukichutama anaishusha, na upanga wako ni mfupi kama kisu cha jikoni. Unakufa mara kumi, kisha siku moja unagundua kwamba ukiruka na kuchoma unaposhuka, unampata kichwani. Huo ni ugumu mtamu, na sitaki kiraka kiuguse.

Sasa fia kwenye jumba la nne, ng'ambo ya bahari. Maisha matatu yakiisha unarudishwa mwanzo kabisa, pale alipolala binti mfalme. Tembea tena hadi gatini, vuka kwa chelezo, kwepa tena vivuli vinavyokukimbiza njiani. Hapo kinachopimwa ni nini, kama si uvumilivu wa miguu? Tena watengenezaji walilijua hilo: ukifia kwenye jumba la mwisho, unaendelea kutoka mlangoni mwake. Kiraka kinachokurudisha kwenye mlango wa jumba lolote kinatanua tu kanuni iliyokuwamo.

Dhana: “I am Error” ni kosa la tafsiri.
Hapana, ni maneno ya mhusika mmoja wa gemu: Error (kosa) ndilo jina lake, na kwa Kijapani anajitambulisha vivyo hivyo. Kuna na mwenzake anayeitwa Bagu, yaani hitilafu ya programu kama Wajapani wanavyoitamka. Ulikuwa mzaha wa wataalamu wa kompyuta, na tafsiri iliyoacha “Bagu” badala ya “Bug” ndiyo iliyouua. (Mashabiki wanaotafsiri upya wana kazi ya kuufufua.)

Dhana: kiraka ni gemu la wizi.
Faili la IPS, umbo ambalo viraka vingi husambazwa nalo, hubeba mabadiliko tu: mahali pa kubadilisha na baiti mpya za kuweka hapo. Gemu nzima ina KB 256, na bila nakala ya gemu yenyewe faili hilo halichezeki.

Dhana: wasiotumia kiraka hawatafuti njia ya mkato.
Bosi wa mwisho ni kivuli cha Link mwenyewe, shujaa unayemchezesha, mwepesi kuliko wewe. Lakini chutama kwenye kona ya kushoto ya skrini, endelea kuchoma, naye atakuja kujichoma mwenyewe. Hiyo imo kwenye katriji ya kiwandani, na wakereketwa wengi wa “gemu asilia” ndivyo walivyoimaliza.